PCOS: Mkojo wafichua siri ya homoni ya msongo kwa wasichana wanaokosa hedhi

Na MWANDISHI WETU

KATIKA vijiji vilivyo kandokando ya barabara ya Likoni kuelekea Lunga Lunga, kuanzia Ukunda na Gazi hadi Msambweni na Ramisi, msichana anayekaa miezi mitatu au minne bila kuona siku zake hupewa jibu kabla hajafika kwa daktari. Kama ameolewa, huulizwa iwapo ni mjamzito. Kama hajaolewa, huulizwa swali hilo hilo kwa sauti ya chini na kwa ukali zaidi. Ikishabainika kwamba hana mimba, huambiwa kwamba ana mawazo mengi, au kwamba jini mahaba amemkalia, au apunguze kula.

Wakati huo chunusi zinazidi kumtoka, vinyweleo vinaota kidevuni, na ngozi ya shingo inageuka kuwa nyeusi na nene. Wapo wasichana ambao husuguliwa shingo kwa dodoki hadi ngozi ichubuke, mama akidhani kwamba ni uchafu. Si uchafu. Aghalabu ni dalili kwamba mwili unatoa insulini nyingi kupita kiasi, na ni miongoni mwa alama zinazoweza kumwonyesha mhudumu wa afya njia ya kufuata.

Dalili hizi zikikutana kwa mwanamke mmoja, tatizo linalopaswa kufikiriwa ni lile linalojulikana na madaktari kwa kifupi kama PCOS. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa wana tatizo hili, na kwamba hadi asilimia 70 miongoni mwao hawajui kwamba wanalo.

Tangu mwaka 1990 watafiti wamekuwa wakifuatilia upande mmoja wa tatizo hili ambao hautajwi sana kliniki, nao ni uhusiano wake na kotizoli, homoni ambayo watu wengi huifahamu kama homoni ya msongo wa mawazo. Waliyoyapata hayakuonekana katika damu bali katika mkojo, na yana uzito kwa msichana aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake ni mawazo tu.

Jina linalopotosha

Mwaka wa 1935, madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake saba waliokuwa na ovari kubwa zilizojaa vifuko vidogo vidogo vya maji. Baadhi yao walikuwa hawapati hedhi, wengine walikuwa na nywele nyingi mwilini. Kwa miaka mingi ugonjwa huu uliitwa kwa majina yao.

Baadaye ukapewa jina linalotaja vifuko hivyo, na jina hilo limeleta madhara yake. Mwanamke anayeambiwa kwamba ovari zake zimejaa vifuko huondoka akidhani kwamba ana uvimbe unaohitaji upasuaji. Kwa hakika vifuko hivyo ni makao ya mayai machanga ambayo yalianza kukua, kisha yakakwama kabla ya kupevuka. Havihitaji kukatwa. Isitoshe, wapo wanawake wenye vifuko hivyo ambao hawana ugonjwa wowote, na wapo wenye PCOS ambao ovari zao zinaonekana za kawaida. Mwaka wa 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Kitaifa za Afya nchini Marekani lilipendekeza jina hilo libadilishwe kwa sababu hizo hizo.

Kigezo kinachotumika kwa mwanamke mzima kiliafikiwa na wataalamu waliokutana mjini Rotterdam, Uholanzi, mwaka wa 2003. Walikubaliana kwamba mwanamke awe na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi (ama mwilini ama katika vipimo vya damu), na ovari zenye vifuko vingi katika picha ya ultrasaundi. Lakini kabla ya hapo ni sharti magonjwa mengine yanayofanana na hili yaondolewe kwanza.

Kwa msichana wa miaka 14 au 17 masharti ni makali zaidi, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka wa 2018 na kufanyiwa marekebisho mwaka wa 2023, chini ya uongozi wa Profesa Helena Teede wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unasema kwamba ultrasaundi isitumike kumpima msichana ambaye bado hajatimiza miaka minane tangu avunje ungo. Ovari za wasichana wa umri huo huwa na vifuko vingi kwa kawaida. Kwa hivyo msichana wa kidato cha tatu anayepigwa picha na kuambiwa papo hapo kwamba ana PCOS ameambiwa jambo ambalo picha ile haiwezi kulithibitisha. Kwake yeye ni lazima hedhi iwe imevurugika na dalili za homoni za kiume ziwepo pia.

Hedhi iliyovurugika nayo ina maana yake mahususi. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi kuja na kupotea ni hali ya kawaida. Kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu, mzunguko ulio chini ya siku 21 au unaozidi siku 45 ndio unaotiliwa shaka. Baada ya miaka mitatu, mzunguko unaozidi siku 35, au hedhi zisizofika nane kwa mwaka, zinahitaji kuchunguzwa. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo kabisa pia anapaswa kuonwa na daktari.

Homoni za kiume zatoka wapi?

Kila mwanamke ana homoni za kiume kiasi fulani, kama vile kila mwanamume alivyo na homoni za kike. Katika PCOS kiasi hicho hupanda. Ovari ndizo zinazotoa sehemu kubwa ya ziada hiyo. Tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo huzichochea kupita kiasi kwa homoni iitwayo LH, na insulini huongeza uchochezi huo. Insulini hupanda kwa sababu misuli na ini havisikii vyema amri yake, hivyo kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi ili sukari isipande. Insulini hiyo ya ziada ndiyo inayoifanya ngozi ya shingo na kwapa kuwa nyeusi.

Lakini ovari haziko peke yake. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali, na ndani yake ndimo kotizoli inamotengenezwa. Tezi hizo hizo hutengeneza pia homoni za kiume zilizo hafifu, mojawapo ikijulikana kwa kifupi kama DHEA. Kati ya asilimia 20 na 30 ya wanawake wenye PCOS hupatikana na kiwango cha juu cha homoni hii ya adrenali katika damu. Kwa muda mrefu swali lilikuwa: ni nini kinachozisukuma tezi hizo, ilhali kotizoli yenyewe ikipimwa katika damu huonekana ya kawaida?

Mtungi unaovuja

Ili kuelewa jibu, ni vyema kujua kotizoli huenda wapi ikishamaliza kazi yake. Homoni hii hupanda alfajiri na kushuka usiku wa manane. Husaidia kuweka sukari na shinikizo la damu katika hali inayofaa, hutuliza uvimbe mwilini, na huongezeka mtu anapopatwa na maradhi, hofu au majeraha. Umuhimu wa homoni za tezi hii ulitambuliwa kwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1950, iliyotolewa kwa Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein.

Kotizoli haidumu katika damu. Ini huivunja kwa kutumia vimeng'enya, na kinachobaki hutolewa na figo kupitia mkojo. Mabaki hayo ndiyo yanayowashughulisha watafiti. Sehemu ndogo mno ya kotizoli hutoka ikiwa nzima. Nyingine zote hutoka katika sura ya mabaki yenye majina marefu kama vile tetrahidrokotizoli. Kimeng'enya kimoja, kiitwacho 5-alfa-ridaktesi, hutoa aina moja ya mabaki. Kingine, 5-beta-ridaktesi, hutoa aina nyingine. Cha tatu, kilichomo katika ini na mafuta ya mwili, hufanya kinyume: huirudishia kotizoli uhai wake baada ya kuzimwa.

Mtafiti akikusanya mkojo wote wa saa 24 na kuupima kwa mashine inayotenganisha kemikali moja moja kulingana na uzito wake, anaweza kujua tezi za adrenali zimetoa kotizoli kiasi gani siku nzima, na ni kimeng'enya kipi kilichofanya kazi zaidi. Sindano moja ya damu ya saa tatu asubuhi haiwezi kueleza hayo.

Mwaka wa 1990, Paul Stewart na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wa aina hiyo. Waligundua kwamba katika wanawake wenye PCOS, kimeng'enya cha 5-alfa-ridaktesi kilikuwa kikifanya kazi kuliko kawaida. Kotizoli ilikuwa ikivunjwa haraka.

Hebu msomaji afikirie mtungi wenye ufa mdogo chini yake. Mwenye nyumba anataka mtungi ubaki umejaa, kwa hivyo anakwenda kisimani mara nyingi zaidi. Mgeni anayechungulia ndani ataona maji yako pale pale na kusema hakuna kasoro. Ni yule tu anayehesabu safari za kisimani, au anayetazama maji yaliyomwagika sakafuni, atakayejua kwamba kuna jambo. Kotizoli ya damu ni maji ya mtungini. Mabaki katika mkojo ni yale ya sakafuni.

Safari hizo zina gharama. Kotizoli inapovunjwa upesi, ubongo huhisi kwamba inapungua na kuiagiza pituitari itoe homoni ya ACTH, ambayo huzichochea adrenali kufanya kazi zaidi. Kotizoli hurudi katika kiwango chake, lakini kwa kuwa tiwanda ni moja, homoni za kiume hutengenezwa pamoja nayo kwa wingi. Hiyo ndiyo nadharia iliyotolewa, na inaeleza vizuri kwa nini damu huonekana salama ilhali mwili una dalili.

Jambo jingine ni kwamba kimeng'enya hicho hicho cha 5-alfa-ridaktesi ndicho kinachoibadilisha testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi kwenye mizizi ya nywele. Kikizidi kufanya kazi katika ngozi, nywele za kidevu na za kifua huwa ngumu na nyeusi hata kama testosteroni yenyewe haikupanda sana.

Tafiti zilizofuata zimeunga mkono sehemu kubwa ya picha hii, ingawa si yote. Mwaka wa 2003 watafiti nchini Uingereza walionyesha kwamba insulini huongeza kasi ya kimeng'enya hicho. Mwaka wa 2009 kundi lililomjumuisha Stewart lililinganisha wanawake wenye PCOS na wengine wenye uzito sawa na wao, na bado tofauti ikaonekana. Kuhusu kile kimeng'enya cha tatu kinachoirudisha kotizoli, matokeo yamekuwa yakipingana, na unene wenyewe huongeza mabaki ya kotizoli katika mkojo hata kwa asiye na PCOS. Kwa hivyo mtu anayedai kwamba jambo hili limekwisha kufumbuliwa anawahi.

Je, ni mawazo tu?

Utafiti mmoja unastahili kutajwa peke yake. Mwaka wa 2016, watafiti wa Chicago na Birmingham walichapisha uchunguzi wa mikojo ya watoto wa kike wa umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu ambao mama zao walikuwa na PCOS. Watoto hao tayari walikuwa na dalili za 5-alfa-ridaktesi kufanya kazi kuliko kawaida, wakilinganishwa na watoto wengine.

Mtoto wa miaka miwili hana mtihani wa kitaifa, hana karo anayodaiwa, wala hana mume anayemtesa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, matokeo hayo yanatosha kumfanya mhudumu wa afya asite kabla ya kumwambia msichana kwamba amejiletea ugonjwa kwa kuwaza. Homoni ina jina la msongo, lakini kuvunjwa kwake haraka si sawa na kuwa na msongo. PCOS hurithiwa kwa kiasi kikubwa katika jamaa, na swali linalofaa kuulizwa kliniki ni hali ya mama, dada na shangazi.

Hata hivyo, msongo wa mawazo haupaswi kutupwa nje kabisa, kwa sababu mbili. Kwanza, upo ugonjwa mwingine ambao hedhi hukatika kwa sababu ya dhiki kali, kula kidogo mno au mazoezi ya kupindukia. Hapo ubongo huzima amri ya ovari, na homoni za kike hushuka. Matibabu yake ni tofauti kabisa: anayeugua huo huhitaji kula zaidi na kupumzika. Kumwambia apunguze uzito ni kumzidishia maradhi. Pili, wanawake wenye PCOS hupatwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao, na mwongozo wa kimataifa unataka waulizwe kuhusu hali hiyo tangu siku ya kwanza. Msichana anayenyoa kidevu kwa siri kila alfajiri kabla ya wenzake wa bweni kuamka ana haki ya kusikilizwa juu ya hilo pia.

Kutokana na umaarufu wa neno kotizoli, wapo wafanyabiashara wanaouza vidonge na majani ya chai kwa madai kwamba vinashusha homoni hiyo na kuponya PCOS. Ukweli uliokwisha elezwa hapa unaonyesha kasoro ya biashara hiyo. Kotizoli ya damu kwa wengi wa wanawake hawa haikupanda. Kushusha kitu ambacho hakikupanda ni kupoteza pesa.

Hatari kubwa zaidi iko katika krimu za kujichubua. Baadhi huwa na steroidi kali za jamii moja na kotizoli. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, hupenya ngozi, huzilaza adrenali, hunenepesha uso na tumbo, huvuruga hedhi na kuleta chunusi. Mtumiaji anaweza kuonekana kama mwenye PCOS ilhali ugonjwa wake umetoka katika kopo. Anayezitumia amweleze daktari bila kuficha, na asiziache ghafla bila ushauri, kwa kuwa tezi zilizolala huchukua muda kuamka.

Msambweni na mkojo wa aina nyingine

Msambweni ina historia yake ndefu ya kupima mkojo. Kwa miongo kadhaa watafiti wa Kenya na wa ng'ambo wamekuwa wakitafuta mayai ya kichocho katika mikojo ya watoto wa vijiji vya eneo hili, ambako vidimbwi na vijito huhifadhi konokono wanaoueneza. Jambo hili lina uhusiano wa karibu na mada yetu kuliko linavyoonekana.

Kichocho cha njia ya mkojo hakiishii kwenye kibofu. Mayai ya mnyoo huyo yanaweza kunasa katika mlango wa kizazi, ukeni na hata kwenye mirija ya uzazi, yakaleta vidonda, kutokwa na damu, maumivu na ugumba. Mwaka wa 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa kuwahoji wanawake wa Kwale kuhusu uzazi wao. Wale waliokuwa na kumbukumbu za kutibiwa kichocho utotoni walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata shida ya kushika mimba kuliko wale ambao hawakutibiwa.

Kwa hivyo mwanamke wa Msambweni anayetafuta mtoto kwa miaka miwili bila mafanikio anaweza kuwa na mirija iliyoziba kwa sababu ya maambukizi, akawa na kichocho cha via vya uzazi, akawa na PCOS, au akawa na zaidi ya kimoja. Mume wake pia anaweza kuwa ndiye mwenye tatizo, na kipimo cha manii ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke. Tofauti moja husaidia: kichocho na kuziba kwa mirija kwa kawaida havizuii hedhi kuja kwa wakati wake. Mwanamke anayepata hedhi kila siku 28, asiye na nywele wala chunusi, hapaswi kupewa dawa za PCOS kwa kubahatisha eti kwa kuwa jirani yake zilimsaidia. Naye anayekaa miezi minne bila hedhi hapaswi kuishia kwenye dawa ya kichocho peke yake.

Vipimo vinavyohitajika

Habari njema ni kwamba uchunguzi wa PCOS hauhitaji ile mashine ya kupima mabaki ya kotizoli. Kipimo hicho kimebaki kuwa cha utafiti, na hakuna mwongozo unaomtaka mgonjwa akifanye ili atambuliwe. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa kwa maswali, macho na mkanda wa kupimia.

Msichana anaweza kuanzia zahanati ya karibu, kisha kupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni, na ikibidi kuvuka Likoni hadi Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa. Kitu cha maana zaidi cha kubeba ni tarehe za hedhi za miezi sita au kumi na miwili iliyopita, zilizoandikwa hata kwenye karatasi ya daftari. Ataje pia kama anatumia au aliwahi kutumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, kwa sababu sindano hiyo hukata hedhi kwa baadhi ya wanawake hata miezi kadhaa baada ya kuiacha.

Kipimo cha mimba hufanywa kwanza, bila kujali ameolewa au la. Kisha damu hupimwa homoni ya tezi ya shingo, prolaktini, testosteroni, na homoni nyingine moja inayoonyesha ugonjwa wa kurithi wa adrenali unaofanana na PCOS. Sauti ikigeuka kuwa nzito au nywele zikiota kwa ghafla katika wiki au miezi michache, hiyo si PCOS ya kawaida; huenda ni uvimbe unaotoa homoni na unahitaji kuonwa upesi. Vivyo hivyo kwa mwenye uso wa mviringo, michirizi ya zambarau tumboni na misuli iliyodhoofika, ambaye kotizoli yake huenda imepanda kweli.

Sukari ipimwe. Mwongozo wa 2023 unapendekeza kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa damu baada ya saa mbili, kwa mwanamke mnene na mwembamba vilevile. Kisukari cha aina ya pili huwapata wenye PCOS mapema kuliko wenzao, na hakisubiri uzee. Shinikizo la damu na mafuta katika damu pia hupimwa.

Matibabu na minong'ono

PCOS haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini kila sehemu yake ina tiba. Hatari moja isiyopaswa kusubiri ni ya mji wa mimba. Yai lisipopevuka, homoni ya projesteroni haitolewi, na ukuta wa ndani wa mji wa mimba huendelea kunenepa bila kumwagika. Ukikaa hivyo kwa miaka, uwezekano wa saratani ya ukuta huo huongezeka. Ndiyo sababu anayekaa zaidi ya siku 90 bila hedhi hupewa dawa ya kuileta, hata kama yeye mwenyewe anafurahia kupumzika.

Dawa inayotumika sana ni vidonge vyenye homoni mbili, vile vile vinavyotumika kupanga uzazi. Hapa ndipo minong'ono huanza. Msichana ambaye hajaolewa akionekana na pakiti hiyo, mtaa mzima hujua. Wapo akina mama ambao huzitupa chooni wakihofia kwamba binti atakuwa tasa. Vidonge hivyo havileti utasa. Hurudisha mpangilio wa kutokwa na damu, huulinda mji wa mimba na kupunguza chunusi na nywele, ingawa nywele huchukua kama miezi sita au zaidi kabla ya kupungua. Wasiopaswa kuvitumia ni wenye historia ya damu kuganda, shinikizo la juu la damu na kipandauso cha aina fulani. Kwao daktari huchagua projesteroni peke yake. Pengine somo na makungwi, ambao bado husikilizwa na wasichana wa Pwani kuliko daktari, wangeweza kufanya mengi hapa kama wangeelezwa mapema.

Metifomini, dawa ya zamani ya kisukari, husaidia mwili kuisikia insulini na kwa baadhi ya wanawake hurudisha hedhi. Huleta kichefuchefu na kuharisha mwanzoni, hivyo huanzwa kwa dozi ndogo pamoja na chakula. Anayeitumia na anataka kufunga Ramadhani amwone daktari wiki chache kabla ili saa za dawa zipangwe.

Kuhusu chakula, mwongozo wa kimataifa haukupata mlo mmoja unaoshinda mingine. Wali wa nazi haukukatazwa na mtu. Kinachosaidia ni kupunguza sahani, kuongeza mchicha, kunde na samaki, na kuacha soda pamoja na chai ya sukari vijiko vinne mara tatu kwa siku. Kutembea kwa kasi au kazi nyingine ya kutoa jasho kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki hufaa hata kama mizani haikushuka. Wembamba pia hupata PCOS, na kuwaambia wakonde ni kuwaambia jambo lisilowahusu.

Kwa anayetaka mtoto, dawa ya kwanza ni letrozoli, inayolifanya yai lipevuke. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliohusisha wanawake 750 ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua watoto hai, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni, dawa iliyokuwa ikitegemewa kabla yake. Haifai kununuliwa dukani bila daktari, kwani mirija na manii hupimwa kwanza.

Ifahamike pia kwamba yai linaweza kupevuka mwezi wowote bila kutangaza. Mwanamke mwenye PCOS ambaye hataki mimba asijihesabu kuwa tasa. Na akishika mimba, aliambie kliniki ya wajawazito tangu ziara ya kwanza kwamba ana PCOS, ili apimwe sukari mapema na shinikizo lake la damu lifuatiliwe, kwa kuwa kisukari cha ujauzito na kifafa cha mimba huwapata wanawake hawa zaidi ya wengine.